Kati ya mzigo na mzigo: mwongozo wa prodyuza wa Kigoma

Ukiachia mzigo mpya, yaani kazi mpya ya muziki, wiki ya kwanza simu inaita. Ya pili inapoa. Ya tatu unafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, unaweka kiki (pigo la ngoma nzito), unaifuta, unafunga. Mimi natengeneza muziki wa kompyuta hapa Kigoma, sina meneja wala lebo, na kipindi hicho kilikuwa kinanitesa mpaka nilipoanza kufuata ratiba ya wavuvi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti tena, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa ufukweni, watu wanashona nyavu na kulala. Hakuna anayesema mvuvi kaishiwa. Basi nami kazi zifuatazo nazifanya mbalamwezi hadi mbalamwezi.

Hatua ya 1: Funga mzigo uliopita

Kabla hujasahau ulichofanya, toa kila ala kama faili lake la WAV (sauti isiyobanwa) la biti 24 (biti za hesabu, siyo biti za kucheza). Zote zianzie sifuri, hata ala inayoingia dakika ya pili. Hapo mtu yeyote atazipanga kwenye programu yoyote na zitakaa sawa. Jina la folda libebe tempo (kasi) na noti ya msingi ya wimbo.

Kisha nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na nyingine nyumba tofauti kabisa. Yangu iko Ujiji kwa dada, kwenye kabati la vyombo. Diski iliwahi kunifia siku mbili kabla mteja hajataka biti tupu ya tangazo. Nilibaki na mp3 niliyowahi kumrushia rafiki.

Hatua ya 2: Nyamaza

Siku saba usifungue programu. Sikio lililosikiliza wimbo mmoja mara mia halisikii kosa tena. Tuendelee.

Hatua ya 3: Shuka mwaloni

Mimi naenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Siku za kawaida injini na kelele za mnada wa samaki zinafunika kila kitu. Mbalamwezi ndipo unasikia vitu vidogo: sindano ya nyavu, maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, fundi akikalafati, yaani akipachika pamba kwenye nyufa za mbao kwa nyundo na patasi butu.

Usitoe simu kwanza. Amkia. Siku ya kwanza nilijifanya napiga picha, mzee mmoja akanishtukia.

"We kijana, unatuibia sauti?"

"Shikamoo mzee. Naomba kurekodi nyundo yako."

"Marahaba. Nyundo ina nini?"

Nikamvalisha hedifoni, akasikiliza, akacheka, akasema nirekodi ila nisimkatishe kazi. Tangu hapo sirekodi mtu bila kumwonyesha kinachoingia kwenye simu. Mtu akiimba, hapo tunaongea na habari ya malipo, kwa sababu sauti ni mali yake.

Upande wa vifaa: weka simu hali ya ndege, chagua WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde. Shusha kiwango mpaka mlio mkali kabisa uishie kama desibeli 12 chini ya kikomo. Upepo wa ziwa ni adui. Soksi safi juu ya maiki inasaidia kuliko unavyodhani. Rekodi dakika mbili bila kusogea, halafu sekunde thelathini za mahali penyewe pakiwa kimya. Utazihitaji kuziba mapengo.

Ukiona karabai inawashwa, acha yote uikimbilie. Wengi wamehamia taa za betri, na ule mvumo wa karabai unazidi kuwa adimu. Ukifika nyumbani, kata kila kilicho chini ya hezi 6,000, fupisha mlio uwe milisekunde hamsini hivi, tayari una haihati (mlio mfupi wa matoazi) ambayo haimo kwenye kifurushi chochote cha sauti cha mtandaoni.

Hatua ya 4: Kata usiku huohuo

Kesho utakuwa umesahau ipi ilikuwa ipi. Chagua sauti 16 tu, zipe majina ya vitu (nyundo, wavu, ndoo), siyo "noma" na "noma2". Halafu weka kengele ya simu ilie baada ya saa moja, tengeneza mchoro wa biti, saa ikigonga funga hata kama unanoga. Hasa kama unanoga.

Hatua ya 5: Chakula

Matangazo, kipaza sauti cha harusi, kurekodi kwaya: vikubali, ila viwe na folda yao. Na kama hujasajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, huu ndio wakati, maana mzigo ukianza hutakumbuka.

Hatua ya 6: Pima

Baada ya wiki mbili jaribu kupiga mluzi wa kila mchoro bila kuufungua. Usioukumbuka, weka kando. Iliyobaki ipeleke kwenye spika ya kinyozi, mtaa wa Mwanga au popote kwenye makelele, usiseme ni yako, tazama vichwa.

Mzigo ninaoanza sasa umetoka kwenye sekunde arobaini za nyundo ya yule mzee. Haikai kwenye mistari ya programu: inaanza karibu na mapigo 104 kwa dakika, inapanda, inashuka. Nilihangaika kuinyoosha, ikafa. Fanya kinyume: weka alama za tempo juu ya kila pigo, programu imfuate mtu. Nilirudi kumsikilizisha. Alipofika penye pengo la pigo moja alivua hedifoni.

"Hapo nilijigonga kidole."

Pengo nimeliacha. Besi inaingilia hapo.