Jinsi ya kumtafuta nyoka usiku Usambara, na kujua kama rangi yake ni ya ajabu kweli

Kila mvua zikianza natumiwa picha za nyoka na swali ni lile lile, "kaka huyu mbona rangi yake hivi, ni adimu?" Mara nyingi jibu ni hapana, ni nyoka wa kawaida kabisa ila aliyempiga picha hajawahi kuwaona wenzake kumi. Sasa naandika ninavyofanya mwenyewe huku Usambara Mashariki, upande wa Amani juu ya Muheza, kuanzia mwanzo.

Hatua ya 1: ruhusa. Amani ni hifadhi tangu 1997, kwa hiyo unapita getini, unalipia, unachukua mwongozaji, basi. Ukitaka kutembea kwenye mashamba ya iliki na mdalasini piga hodi kwa mwenyewe mchana, shikamoo mzee, ukae kidogo, umwambie usiku utapita na tochi, maana mtu anayezunguka na tochi shambani kwa watu usiku anaitwa mwizi na hapo nyoka atakuwa tatizo dogo. Halafu muulize kaona nini. Atakwambia koboko, kwa wazee kila nyoka mweusi ni koboko, wakati koboko mwenyewe ngozi yake ni kijivu au kama zeituni, weusi wake uko ndani ya mdomo. Ila akikuonyesha mahali, nenda, mahali huwa hakosei.

Hatua ya 2: vaa gambuti, suruali nene, beba tochi mbili na simu yenye chaji. Nguo hata zikiwa chafu sawa. Fimbo ya kukamatia acha nyumbani, hapa tunatafuta kwa macho tu.

Hatua ya 3: toka usiku mvua ikishakatika, mimi huanza saa moja na nusu na ikifika saa nne narudi.

Hatua ya 4 ndiyo yenyewe, na ndipo wengi wanaharibu kwa sababu wanatembea kama wanawahi daladala. Mita mia moja nazimaliza kwa nusu saa. Tochi iweke usawa wa macho yako, siyo kiunoni, uone mwanga unapogonga. Usitafute macho yanayong'aa, hayo ni ya komba au buibui, nyoka macho yake hayakurudishii mwanga hivyo. Na usitafute rangi! Rangi ndiyo kazi yake kukudanganya. Tafuta umbo, kitu chenye mkunjo usiofanana na kijiti, kitu kinene kati halafu kimekonda ghafla, jani ambalo upepo ukipita lenyewe halitikisiki. Nyoka wadogo wa kijani wanaolala mitini wanapenda ncha za matawi, ukimulika kutokea chini unaona tumbo jeupe limejikunja. Yule kifutu mdogo wa mitini mwenye pembe, wenye lugha yao ya kitaalamu wanamwita Atheris ceratophora, mtafute chini ya usawa wa kiuno kwenye vichaka kando ya njia, ametulia hatingishiki. Pembe ni magamba yaliyosimama juu ya jicho. Ni mfupi, mara nyingi hafiki hata nusu mita, lakini ana sumu, usijidanganye na udogo.

Ukimwona simama. Mita mbili zinatosha kwa huyu, kwa swila rudi nyuma zaidi na uvae miwani, akikutemea machoni osha kwa maji mengi mengi uende hospitali. Ukiumwa na nyoka yeyote usifunge kamba, usichanje, usinyonye, tuliza kiungo uwahi hospitali hata kama husikii maumivu yoyote. Mwaka 1957 kule Chicago mtaalamu mkubwa Karl Schmidt aliletewa nyoka mchanga amtambue, akang'atwa, akadhani ni dozi ndogo, kesho yake akafa. Nyoka mwenyewe alikuwa bumslangi, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, na huku kwetu yupo.

Hatua ya 5: sasa rangi. Kabla hujasema adimu, pita kwenye maswali haya. Je, ni aina inayobadilika yenyewe? Huyo mwenye pembe anakuja njano, zeituni, kijivu, hadi mweusi, wa njano anapendeza sana lakini siyo muujiza. Je, ni dume au jike? Bumslangi dume mara nyingi kijani, jike mara nyingi kahawia, watu wanadhani nyoka wawili tofauti. Je, ni mtoto? Je, anakaribia kujivua gamba (gamba la kweli, siyo lile la siasa)? Hapo anapauka na jicho linakuwa la maziwa yenye bluu, nimeshatumiwa huyo mara nyingi eti "nyoka kipofu wa bluu". Je, ni vumbi jekundu tu?

Na je, yuko hai? Kijani cha nyoka kimetengenezwa na njano iliyokaa juu ya seli zinazorudisha mwanga wa bluu, njano ikiondoka inabaki bluu. Shule moja niliyopita walikuwa na nyoka wa bluu kwenye chupa ya spiriti na watoto wanafundishwa ni aina yake, kumbe wa kijani wa kawaida, njano imeshayeyuka zamani.

Akipita yote hayo ndiyo uangalie jicho. Mweupe mwenye jicho jekundu ni albino. Mweupe mwenye jicho jeusi ni kitu kingine, mimi nimemwona mmoja tu, nyoka wa nyumbani karibu na shamba la chai, nikakaa naye mpaka tochi ya kwanza ikazima.

Usidharau pia "rangi tofauti" ya eneo zima. Pwani ya Kenya swila wakubwa wa kahawia walichukuliwa miaka mingi kuwa ni rangi tu ya swila mwenye shingo nyeusi, mpaka 2007 ikatangazwa ni aina yake, Naja ashei, kwa jina la James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu.

Hatua ya 6: picha. Moja na flashi, moja kwa mwanga wa tochi tu, halafu piga karatasi nyeupe palepale kwa mwanga uleule, ndiyo itakwambia simu yako imeongeza njano kiasi gani. Ubavu, kichwa, mkia. Andika saa, mmea, kimo kutoka chini. Na kabla hujaposti zima lokesheni kwenye simu, andika "Usambara" inatosha, kuna watu wanazunguka kutafuta hawa wa njano wakawauze nje, na kichaka kile kile wanakipata kwa picha yako.