Mashine gani kwa chombo gani

Mtu akiniuliza, "Fundi, nichukue mashine ya farasi ngapi?", simjibu kabla hajanipeleka pwani nikakiona chombo chake. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za vyombo vya baharini hapa Tanga, na vingi ninavyoletewa kwa lawama ya kula mafuta havina ubovu wowote. Vimepewa mashine isiyo yao. Mwenye chombo amekopa, kanunua ya nguvu za farasi arobaini kwa sababu jirani ana arobaini, na sasa samaki wake wote wanaishia kwenye kituo cha mafuta. Hilo linaniuma, kwa sababu hesabu ya kulizuia ni nyepesi na kila nahodha anaiweza.

Anza na umbo la chombo, si na mashine. Ngalawa, mashua, dau na jahazi hukaa ndani ya maji. Vina mkuku, ule mti mrefu wa chini, vina tumbo, na vikienda husukuma maji pembeni. Boti ya faiba yenye kitako bapa ni jambo lingine: ikipata nguvu ya kutosha hunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Ukishajua chombo chako kiko upande gani, nusu ya uamuzi imekwisha.

Chombo kinachokaa ndani ya maji kina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho kinatokana na urefu wake. Pima urefu wa pale maji yanapogusa, kutoka omo, yaani mbele, hadi shetri, yaani nyuma, kwa mita. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inakupa urefu huo, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Mashua ya mita 9: kipeuo cha pili ni 3, mara 4.5 unapata 13.5. Jahazi la mita 16 linafika 18. Chombo kikifikia mwendo huo, wimbi linaloanzia omo linakuwa na urefu sawa na chombo chenyewe, nacho kinakwama kati ya wimbi la mbele na la nyuma. Ukiongeza farasi hapo, shetri inazama, omo inainuka na nyuma yako linafuata wimbi kubwa. Mwendo hauongezeki wa maana. Ndiyo maana mashua ya mbao yenye arobaini inamwacha mwenzake mwenye kumi na tano kwa hatua chache tu, huku ikinywa karibu mara tatu.

Kwa vyombo vya namna hii mimi nahesabu farasi 3 hadi 5 kwa kila tani, na tani hiyo ni chombo chenyewe, watu, nyavu, barafu, mafuta na samaki unaotarajia kurudi nao. Mashua inayofika tani 4 ikiwa na shehena inataka farasi 12 hadi 20. Kama unavuka mkondo wa Pemba wakati wa upepo wa kusi, chukua 20, kwa sababu upepo ukikukabili unahitaji akiba. Kama kazi yako ni ndani ya ghuba, 12 zinatosha kabisa.

Baada ya hapo ndipo tunazungumza mafuta. Mashine ya petroli ya kupachika nyuma, zile za kuchanganya oili, hula karibu nusu lita kwa kila farasi kwa saa ukiifungua yote. Arobaini ni kama lita 20 kwa saa. Kumi na tano ni lita 7 na kitu. Dizeli ya ndani hula karibu robo lita kwa farasi, maana yake farasi 20 za dizeli zinamaliza lita 5 kwa saa. Anayekwenda bahari kila usiku anapaswa kuliona pengo hilo vizuri sana. Vyombo vikubwa vya dagaa, vyenye nyavu nzito na watu wengi, vinavyotoka jioni na kurudi alfajiri, ningependa kuviona vyote vina dizeli. Zaidi ya mafuta kuna propela. Dizeli ya ndani huwa na giaboksi inayopunguza mizunguko hadi nusu au theluthi, kwa hiyo inazungusha propela kubwa polepole, na propela kubwa inayozunguka polepole ndiyo inayosukuma mzigo. Propela ndogo ya mashine ya kupachika, ikizunguka mbio nyuma ya chombo kizito, inachafua maji tu.

Usalama nao una uzito wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Dumu likivuja, mvuke unashuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, ukingoja cheche au sigara. Dizeli haiwaki kirahisi hivyo. Kwa hiyo injini ya petroli usiifungie ndani ya chombo chenye sitaha iliyozibwa.

Lakini dizeli ina masharti, na fundi asiyekuambia masharti hayo anataka kuuza. Shafti, chuma kinachozungusha propela, inapita chini kupitia fashini, ule mti wa nyuma wa chombo, unaotobolewa na seremala anayejua chombo, na mahali inapotokea panataka kuangaliwa kila mara ili maji yasiingie. Propela iko chini muda wote. Pwani zetu maji hupwa mbali sana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, na kama chombo chako kinalala mchangani, kama unapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji au unaingia kwenye vijito vyenye mafungu ya mchanga, propela hiyo itagonga. Mashine ya kupachika unaiinua kwa mkono, unapita. Ikiharibika, watu wawili wanaibeba hadi kwa fundi, ilhali dizeli inamngoja fundi aje. Kwa hiyo nikiona chombo kinatia nanga maji marefu na kinafanya kazi saa nyingi, nasema dizeli. Nikiona kinakokotwa pwani kila siku, nasema mashine ya kupachika, ndogo.

Boti ya faiba ina hesabu yake, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ili inyanyuke inataka farasi 1 kwa kila kilo 20 hadi 25 za uzito wote. Boti yenye watu, mafuta na mizigo ikifika kilo 1,500, inataka farasi 60 hadi 75. Ukiifunga arobaini haitanyanyuka. Itabaki omo juu, shetri chini, mashine inalia, na huo ndio mwendo mbaya kuliko yote kwa mafuta: umelipia mwendo wa mbio ukapata wa mashua. Hapo chagua moja kati ya mawili. Ama punguza watu mpaka mashine ya farasi arobaini iweze kuinyanyua, ama kubali kwenda polepole, rudisha mkono wa mafuta hadi omo ishuke. Kati ya hapo hakuna faida. Na kama unabeba abiria kwa malipo, chombo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya lolote, na idadi ya watu iliyoandikwa ndiyo utakayohesabia farasi.

Mashine mpya za mipigo minne zinakula kidogo kuliko za kuchanganya, pengine theluthi chini, na hazitoi moshi wa oili. Ni nzito zaidi na zina vipuri vingi. Kama unaishi karibu na mji wenye fundi na vipuri, zichukue. Kama uko kijiji cha mbali, ile ya kuchanganya inafunguliwa kwa bisibisi na spana chache, na kijana wa pwani anaijua. Uchanganyaji usikisie: mashine iliyokwisha kulainika, nyingi ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Soma kitabu cha mashine yako, kwa sababu mpya kabisa hutaka oili zaidi.

Sasa tanga. Nasikitika ninapoona ngalawa imevuliwa foromali, ule mti unaobeba tanga, ili ipachikwe mashine. Ngalawa ya gogo la mwembe ni nyepesi, nyembamba, imeshikwa na matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, pande zote, na upepo wetu una ratiba. Alfajiri umande, upepo wa nchi kavu, unakutoa nje, mchana upepo wa bahari unakurudisha. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, kusi inashika katikati ya mwaka. Mvuvi wa mshipi au wa mtego wa dema anayekwenda mwambani hapa karibu hana sababu ya kuchoma petroli kila siku. Mashine anaihitaji kwa mambo mawili: bahari ikiwa shwari kabisa, na anapolazimika kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, muda mrefu ilhali samaki wanaharibika. Kwa hayo farasi 3 hadi 5 zinamtosha, mashine ya kilo ishirini na kitu, ipachikwe ubavuni kwenye ubao uliofungwa imara karibu na shetri, na tanga libaki mahali pake. Usiweke kumi na tano kwenye ngalawa. Ina kilo karibu 40 na msukumo wake unavuta kamba za matengo hadi zilegee.

Wateja wa siku hizi wananiuliza habari za umeme. Naupenda, na nauheshimu kwa kazi yake. Lita 1 ya petroli, ikishapita kwenye mashine ndogo, inatoa kazi ya karibu uniti moja na nusu ya umeme. Betri za lithiamu ni kama kilo 10 kwa uniti. Kwa hiyo dumu moja la lita 20 ni sawa na betri za kilo 300. Hapo unaona kwamba chombo cha dagaa cha kwenda mbali usiku kucha hakiwezi. Lakini kuvusha watu Mto Pangani kwenda Bweni, kutembeza wageni kwenye mikoko, kupeleka watu mwambani na kurudi polepole? Hiyo ni kazi ya umeme hasa: safari fupi, mwendo mdogo, chombo chepesi, na stima ya kuchajia iko nchi kavu mnapopumzika. Hakikisha tu betri imefungwa juu ya ngama, mahali maji ya chumvi hayafiki.

Ukishachagua, pima ubao wa shetri kabla ya kulipa. Mashine za kupachika zina shingo fupi kwa ubao wa sentimita 38 na ndefu kwa sentimita 51. Fupi kwenye ubao mrefu, propela inanyonya hewa na kupiga kelele bila kusukuma. Ndefu kwenye ubao mfupi, unaburuta chuma majini bure. Lile bamba lililo juu ya propela likae sawa na chini ya chombo, au sentimita mbili hivi chini yake.

Mwisho propela. Ina namba mbili zilizochongwa, kwa mfano 11 na 13, zote kwa inchi: ya kwanza ni upana, ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Usiipime chombo kikiwa kitupu. Pakia mzigo wa kazi, toka nje ya mawimbi ya pwani, fungua mafuta yote, usome mizunguko. Kuna vipimo vidogo vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye waya wa plagi. Mashine nyingi za kumi na tano na arobaini zinataka 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ikiishia 4,000, imezidiwa: shusha ile namba ya pili. Kila inchi 1 unayoshusha inaongeza mizunguko kama 200, kwa hiyo kutoka 13 nenda 10 au 11, urudie jaribio na mzigo uleule. Ikipita 5,500, panda inchi moja au mbili. Propela ya zamani usiitupe, ifunge ndani ya chombo pamoja na pini za akiba na spana yake.