Tao la Mawe: Usimalize Upande Mmoja Kwanza

Mimi ni mwashi, Kasulu. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waanze kujenga madaraja ya mawe huku Kigoma, vijana wananiuliza swali lile lile: bila nondo, mawe yanashikwa na nini? Yanashikana yenyewe. Uzito unayabana, na jiwe likibanwa halina neno. Likivutwa ndipo linapasuka.

Mhandisi mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya Causey Arch, County Durham, Uingereza. Mwashi Ralph Wood alilijenga mwaka 1725 hadi 1726 ili mabehewa ya makaa ya mawe, yakikokotwa na farasi, yavuke korongo. Tao moja tu, mita 31 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, na lipo hadi leo. Sisi tuanze na mita 4.

Msingi chimba kiangazi, ufike mwamba au udongo mgumu, na vipimo apitishe mhandisi. Upande mmoja ukisogea, tao limekwisha.

Kazi yenyewe ni fomu, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba mawe mpaka tao lijishike. Kwenye uwanja ulio sawa piga kigingi, funga kamba ya mita 2, chora nusu duara, kata mbao kwa mchoro huo. Simamisha fomu juu ya mirunda, na chini ya kila mrunda weka kabari mbili zilizolaliana. Wengi huziruka kabari, wakaja kulia siku ya kutoa fomu.

Kwenye fomu, katikati ya mstari wa chini wa nusu duara, pigilia msumari wenye kamba. Kila jiwe ukiliweka, nyoosha kamba: ungio lielekee msumarini, upande mnene wa jiwe ukae juu. Panda kushoto na kulia kwa pamoja, mstari kwa mstari. Niliwahi kumaliza kushoto kwanza, eti kwa sababu lundo la mawe lilikuwa huko. Fomu ikalala kama ng'ombe mgonjwa, tukabomoa kazi ya siku tatu, na posho ya vibarua nikaitoa mfukoni. Jiwe la juu kabisa usilichonge mapema. Pima pengo lililobaki ndipo uchonge.

Jengea mabega ya tao pande zote mbili kwa usawa. Mwagilia maji, subiri siku 28 saruji ya kwenye maungio ikomae. Kisha legeza kabari kwa zamu, kila moja kidogo, urudi mwanzo. Mchanga utadondoka, tao litashuka kiasi cha unene wa ukucha, halafu litanyamaza. Hapo ndipo mirunda itolewe.