Namna ya Kufanya Kazi ya Mlinzi wa Timu katika Ligi Ndogo za Hoki ya Barafuni

Mchezaji anayeajiriwa AHL au ECHL, ligi za Amerika Kaskazini zilizo chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, ili awalinde wenzake kwa ngumi, anapaswa kwanza kujua kuteleza vizuri, kwani siku hizi kocha hampangi mtu ambaye dakika zake chache uwanjani zitaigharimu timu mabao.

Kisha zisome kanuni. Pigano humtoa mchezaji nje kwa dakika 5, na mchokozi huongezewa adhabu. Tangu msimu wa 2016-17, AHL humfungia mechi moja anayefikisha mapigano 10 katika msimu mmoja.

Mkikabiliana, tupa glavu, ushike jezi ya mpinzani karibu na bega la mkono anaopigia, uinamishe kidevu na kukunja magoti kidogo, maana juu ya barafu anayepoteza mizani ndiye anayeshindwa. Akianguka, acha papo hapo.

Ninachokisisitiza kuliko vyote ni kichwa. Derek Boogaard, aliyepitia timu za Louisiana na Houston kabla ya kufika NHL, alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa kali ya maumivu, na ubongo wake ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kwa hiyo ukisikia kizunguzungu, au taa zikikuumiza macho, mwambie daktari usiku huohuo, wala usimeze kidonge ambacho hakukuandikia.