Fomu umeijaza, aliyetumiwa aiona tupu: namna ya kutuma PDF ikafika na maandishi yake

Hapa saibani, duka letu la kompyuta na intaneti Mwembe Tayari, Mombasa, shida hii haimchagui mtu. Huja baharia anayetafuta meli, mzazi mwenye fomu ya basari, kijana wa kliaringi, wa kutoa mizigo bandarini, mwenye makaratasi ya mteja. Amejaza fomu ya PDF kwa makini, ameituma kwa barua pepe, kisha ajibiwa kwamba imefika tupu. Akifungua ile aliyoituma, kila kitu kipo. Hapo huanza lawama, na mara nyingi wote wawili wasema kweli.

Juzi alikuja mama mmoja wa Likoni, fomu ya mwanawe imerudishwa kwa madai kwamba haina jina wala namba ya kitambulisho, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho yake. "Mwanangu, si nimejaza hapahapa ukiniona? Maandishi yameenda wapi?" Nikamwambia, "Mama, yamo ndani ya faili. Mwenzio haonyeshwi tu." Tuliyoyafanya ndiyo haya.

Hatua ya 1: Hakikisha umetuma faili iliyojazwa

Pakua fomu kwanza, ihifadhi kwenye kompyuta, ndipo uijaze. Ukiijaza papo hapo ndani ya barua pepe kisha ukaambatisha ile iliyoko kwenye folda ya "Downloads", umetuma fomu mbichi. Ukijazia kwenye Chrome, alama ya kupakua hukuuliza: chagua "With your changes". Ukiwa na Adobe Reader ya zamani, iliyotangulia toleo la XI la mwaka 2012, fomu nyingi haikubali kuzihifadhi na majibu yake. Weka toleo jipya. Ipe faili jina jipya, mfano fomu-basari-imejazwa, ili zisichanganyike.

Hatua ya 2: Muulize aliyetumiwa maswali mawili

La kwanza: unaifungulia wapi? La pili: ukibonyeza ndani ya kisanduku cha jina, maandishi yanatokea?

Yakitokea akibonyeza na kupotea akiondoka, umeshaujua ugonjwa. Ndani ya PDF, jibu lako huwekwa kwa namna mbili: neno lenyewe uliloandika, na mchoro wa neno hilo unaoonekana juu ya ukurasa. Programu nyingine huhifadhi neno peke yake, kisha huacha agizo kwamba atakayefungua ndiye achore. Acrobat Reader, ndiyo Adobe Reader kwa jina lake la sasa, hulitii agizo hilo. Lakini madirisha mengi ya kuchungulia viambatisho, hasa ya kwenye simu, hayajishughulishi nalo: huonyesha ukurasa na visanduku vitupu. Afisa anayepitia maombi kwa simu yake hawezi kujua kwamba kuna kitu kimefichika.

Kwa hiyo kumwambia "fungua na Adobe" ni kumtwika yeye mzigo. Anayeomba nafasi hana nguvu ya kumwamuru anayeitoa. Tengeneza upande wako.

Hatua ya 3: Igeuze fomu iwe karatasi moja, maandishi na ukurasa pamoja

Njia ninayoiamini ni kuiprinti fomu iwe PDF nyingine. Fungua faili iliyojazwa kwenye Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+P, na mahali pa kuchagua printa chukua "Microsoft Print to PDF", ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11. Kwenye Chrome ni Ctrl+P vilevile, kisha "Save as PDF". Faili itakayotoka haina visanduku tena. Maandishi yako yamekuwa sehemu ya ukurasa, na programu yoyote itayaonyesha. Kuhakikisha, ifungue ubonyeze juu ya jina lako: kisanduku kisipofunguka, imekubali.

Ni rahisi kusema, lakini hapa ndipo watu hupotezea saa nzima, kwa hiyo nenda nami polepole.

Kwenye dirisha la kuprinti la Acrobat kuna sehemu iitwayo "Comments & Forms". Iweke "Document and Markups". Ikiwa imeachwa kwenye "Form fields only", utapata majibu yanayoelea juu ya karatasi nyeupe, maswali hayapo. Na kama kuna maneno uliyoyaongeza juu ya ukurasa kama maoni, hilo chaguo la "Document and Markups" ndilo litakaloyabeba pia.

Karatasi iwe A4. Fomu zilizotengenezwa kwa vipimo vya Marekani hukaa kwenye karatasi ya Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 na pana kidogo, na ukiprinti kwa "Actual size" kingo zaweza kukatwa. Tumia "Fit".

Wakati mwingine fomu inaprintiwa na jibu moja linapotea, yale mengine yote yapo. Hilo si kosa la printa. Aliyetengeneza fomu anaweza kukipa kisanduku sharti la kuonekana kwenye skrini bila kuprintiwa, nacho kitatii hata ukirudia mpaka usiku. Usishindane nacho. Chukua ile faili iliyokwisha kuprintiwa, andika jibu lililokosekana kwa zana ya "Fill & Sign" ya Acrobat Reader, kisha iprinti tena.

Kuna hali mbili ambazo hatua hii haifai yenyewe. Kama fomu imetiwa sahihi ya kidijitali yenye cheti, kuiprinti kutaiua sahihi hiyo. Picha ya sahihi ya mkono haina neno. Na kama ofisi husoma majibu kwa kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye visanduku, faili hii iliyoprintiwa, isiyo na visanduku, haitawasaidia. Nisipokuwa na hakika natuma zote mbili, na kwenye barua naeleza ipi ni ya kusoma na ipi ni ya kuingiza kwenye mfumo wao.

Usitumie tovuti za bure zinazoahidi kukugeuzia PDF. Nalisema hili kwa uzito. Fomu ya basari au ya kazi ina namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, simu, pengine na akaunti ya benki, nawe waipandisha kwa mtu usiyemjua. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haitakurudishia namba iliyokwisha kusambaa. Na wenzangu wa saiba: mteja akimaliza, futeni faili yake, mfute na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Kupiga picha ya skrini pia sipendi. Kurasa hukatika na herufi huwa na ukungu. Kuprinti karatasi halisi na kuiskani kunafaa pale tu unapohitaji muhuri wa chifu, maana karatasi utaihitaji tu.

Hatua ya 4: Ikiwa fomu inasema "Please wait..."

Hiyo ni aina nyingine kabisa, iitwayo XFA. Aliyeifungua haoni hata maswali, aona ujumbe wa Kiingereza kwamba programu yake huenda haiwezi kuonyesha hati ya namna hiyo. Ifungue kwa Acrobat Reader kwenye kompyuta, si kwenye simu, ijaze, kisha fanya hatua ya 3.

Hatua ya 5: Jitumie mwenyewe kwanza

Itume kwenye barua pepe yako, uitazame kwa simu palepale ndani ya barua bila kuipakua. Ukiona jina lako, tuma.

Kwa wanaotengeneza fomu

Shule, vyama na ofisi zinazotutumia fomu hizi zingeweza kutuondolea taabu hii. Achaneni na XFA. Kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kilikwisha kuiweka kando. LibreOffice Writer ni ya bure, na ukihamisha hati yako kuwa PDF kuna alama ya "Create PDF form" inayotoa visanduku vya kawaida. Kisha fomu ijaribiwe kwenye simu kabla ya kutangazwa, kwa sababu simu ndiyo kompyuta ya waombaji wengi. Na ikifika iliyo tupu, aliyeipokea abonyeze ndani ya kisanduku kabla ya kumwandikia mzazi kwamba hakujaza.