Somo: Kuweka viingizo vya sensa kwenye kifaa cha kufuatilia injini ya ndege, mfano wa Rotax 912

Naandika somo hili ili swali la "mbona shinikizo la oili linacheza?" lipate jibu la kudumu. Linahusu ndege za kujiundia. Ndege yenye cheti cha kawaida mwachie fundi mwenye leseni.

1. Tenganisha betri.

2. Soma namba iliyochapwa kwenye sensa kabla ya kufungua menyu ya kifaa. Rotax 912 za zamani zina sensa ya shinikizo la oili ya VDO (jina la mtengenezaji), ambayo ukinzani wake hupanda kutoka omu 10 hivi hadi 180 hivi kati ya bar (kipimo cha shinikizo) 0 na 10. Za baadaye hutoa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Mpangilio wa moja haufai kwa nyingine.

3. Sensa ya ukinzani, kama ile ya VDO, huhitaji rezista (kipande chenye ukinzani maalumu) inayoiunganisha na volti 5. Tumia ya ndani ya kifaa au ya nje, kamwe si zote mbili.

4. Ethi, yaani njia ya kurudishia mkondo ambayo volti hupimwa kutoka kwayo. Sensa ya VDO yenye waya mmoja hurudisha mkondo kupitia mwili wa injini, ilhali kifaa hupima volti kutoka ethi yake kwenye dashibodi, na alteneta inapobeba mzigo sehemu hizo mbili huacha kuwa na volti sawa. Kwa rezista ya omu 220, tofauti ya volti 0.1 tu huhamisha usomaji kwa karibu bar 0.4. Basi vuta waya mnene kutoka ethi ya kifaa moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini. Kisha, betri ikiwa imeunganishwa tena na injini ikinguruma, washa taa ya kutua: shinikizo likiruka, ethi bado ni mbovu, kwa kuwa oili haina habari na taa. Usifiche kasoro hiyo kwa kurekebisha namba kwenye menyu.

5. Chagua aina ya themokapo (sensa ya joto yenye nyaya mbili za metali tofauti), K au J.

6. Weka kwenye menyu viwango vya kutoa tahadhari, kwa kufuata mwongozo wa injini.

Swali: Yangu inasoma sifuri. Nifanyeje?
Jibu: Sensa gani? Rudi hatua ya 2.

Swali: Sensa ni J, menyu inasema K, na injini ikiwa baridi usomaji ni sahihi. Kuna ubaya?
Jibu: Upo, ndugu. Themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha zake. Tofauti ikiwa sifuri, aina zote husema kweli. Silinda ikifika nyuzi 200, utaona karibu 260.

Swali: Niko Nairobi. Sensa ya oili ndani ya maji yanayochemka inasoma 95. Niongeze 5?
Jibu: Usiongeze, na hongera kwa kupima. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Pima pia kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji. Sifuri yake ni ileile Nairobi na Mombasa.

Swali: Waya wa themokapo ni mfupi. Niunge shaba?
Jibu: Hapana. Tumia waya wa kurefushia wa aina ileile, na uangalie rangi: kwa mfumo wa Marekani, nyekundu ni hasi. Ukigeuza, joto litaonekana kushuka injini inapopata moto.