Kuhamisha mkopo wa nyumba: namna ya kuthibitisha marejesho yako

Benki mpya ikitaka kununua deni la nyumba yako, jambo la kwanza kuuliza ni kama umekuwa ukilipa kwa wakati. Wengi hubeba taarifa ya akaunti ya mshahara, wakarudishwa. Ile inaonyesha fedha imetoka. Haisemi ilipokelewa lini kwenye mkopo.

Hatua ya 1. Andikia benki yako barua ya kuomba taarifa ya akaunti ya mkopo, kila ukurasa uwe na muhuri. Omba ya miezi 24 hata kama umeambiwa 12. Chukua pia ratiba ya marejesho, na kama riba imewahi kubadilika, iwe ratiba mpya.

Hatua ya 2, na hapa ndipo kazi ilipo. Tandaza mezani ratiba, taarifa ya mkopo na slipu za mshahara, uzipitie mwezi kwa mwezi kwa rula na kalamu. Kwa watumishi, ambao Dodoma tumejaa, kasoro hukaa hapa. Tuseme rejesho la Sh 640,000 lilitakiwa 28 Machi. Slipu ya Machi inaonyesha umekatwa, lakini mwajiri alipeleka makato ya wote kwa mkupuo na benki ikayaingiza 4 Aprili. Kwenye mfumo umechelewa siku 7, na riba ya adhabu ya Sh 3,000 imebaki hapo kama deni lililopitiliza. Ilipe leo. Kisha omba kwa mhasibu wa mwajiri barua inayotaja tarehe ya kukata na tarehe ya kupeleka fedha.

Hatua ya 3. Pata ripoti yako ya mikopo, kwa mfano kutoka Creditinfo, kampuni inayokusanya taarifa za wakopaji, kabla benki mpya haijaisoma. Ukikuta kosa, ibane benki iliyotuma taarifa, maana ndiyo yenye kumbukumbu za kulirekebisha.

Hatua ya 4. Barua ya salio la deni iombwe mwishoni. Riba huongezeka kila siku, hivyo itaje salio hilo ni la hadi tarehe gani.

Maswali ya wanachama

Habari za kazi. Miezi mitatu nililipa kwa wakala na risiti zimefutika.

Pole dada. Maandishi ya risiti zile hayavumilii joto. Tafuta namba ya muamala kwenye ujumbe wa simu. Kama umeufuta, omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Benki itayatafuta malipo yako kwa namba hiyo na tarehe. Risiti za sasa zitoe kopi siku hiyohiyo.

Shikamoo mzee. Benki mpya inataka hati, na hati iko benki ya zamani.

Marahaba. Haitatoka kabla deni halijalipwa. Benki mpya huandika barua ya ahadi ya kulipa, ya zamani nayo huahidi kuachia hati pamoja na fomu ya kufuta rehani, inayopelekwa kwa Msajili wa Hati.

Mwaka juzi nilichelewa siku 95. Nikae kimya?

Usikae kimya, ndugu. Ukipita siku 90 mkopo huhesabiwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, na ripoti itaonyesha. Andika ukurasa mmoja: sababu, tarehe, vielelezo, na idadi ya miezi uliyolipa bila kukosa tangu hapo.